Kompyuta Mpakato

Betri ilikuwa inapanda. Ndilo lililomfanya karani aache kuchapa, avue miwani, aifute kwa upindo wa gauni, aivae tena na kuitazama upya pembe ya kioo. Waya wa chaji ulikuwa mkobani, mkoba kabatini, kabati chumba cha pili. Na bado ile alama ya betri, iliyokuwa nusu alipoketi, sasa ilikaribia kujaa.

"Labda ndio ubora wenyewe," alijiambia, akaendelea kuchapa.

Tusimcheke. Binadamu akikitaka kitu, huipa kila kasoro yake jina zuri, na yeye alitaka kompyuta hii ifae kuliko alivyowahi kutaka chochote cha ofisi.

Ofisini kwao, ofisi ndogo ya wapima ardhi, walimwita Mama Kijacho tangu tumbo lilipoanza kuonekana. Ulikuwa utani wa upendo. Yeye aliucheka kwa mdomo tu, maana mimba zilizotangulia ziliharibika na hakuna kijacho kilichokuja. Safari hii daktari alisema bila kuzungukazunguka: asipande ngazi, asisukwesukwe kwenye magari, ashinde nyumbani miguu imeinuliwa. Bosi wake, mpimaji mwenye moyo mwema na wateja wasio na subira, alikuna kichwa siku nzima, kisha akamwendea fundi wa kompyuta wa jengo la pili. Fundi huyo alikuwa akinunua mashine za ofisi zilizofungwa, anazisafisha, anazitia betri na diski mpya, anaziuza tena.

"Imetumika, ila haijachoka," fundi alisema, akiupangusa mfuniko kwa kiganja.

"Kaa nayo nyumbani," bosi akamwambia karani. "Ijaribu kwa kazi zote. Barua, majedwali, ramani za viwanja, mikutano ya mtandaoni. Ikifaa, utafanyia kazi hukohuko mpaka ujifungue. Isipofaa, dada yangu, itabidi nitafute mtu wa kukalia kiti chako. Na mtu akishakalia kiti, unajua mwenyewe."

Alijua. Akaibeba nyumbani kama yai.

Nyumbani alikuwapo mama mkwe, aliyehamia kwa mwanawe tangu aliposikia habari za mimba, akaja na mto wake, kiti chake cha kuegemea na ulimi wake. Alimkuta mke wa mwanawe ameketi, miguu juu ya kigoda, kompyuta mapajani chini ya tumbo.

"Ati inaitwaje hiyo?"

"Kompyuta mpakato, mama. Kwa sababu mtu anaweza kuipakata."

"Mpakato!" Mama mkwe akaguna. "Mke wa mwanangu, kinachopakatwa ni mtoto. Bati linawekwa mezani."

"Mezani siwezi kuinua miguu, mama."

"Haya, ipakate. Ila isizoee. Mapaja hayo yana mwenyewe, na yuko njiani."

Wakacheka wote wawili. Walikuwa wamegombana mara nyingi, juu ya chumvi, juu ya madirisha, juu ya namna ya kukunja mashuka, lakini juu ya tumbo lile hawakuwahi kugombana.

Na tuseme haki, mashine ilikuwa nzuri. Bawaba hazikulegea, kioo hakikuwa na mkwaruzo, vitufe vilikuwa vimelainishwa na vidole vya watu wengine lakini havikukwama. Ramani kubwa za viwanja, zile zilizokuwa zikiigandisha kompyuta ya ofisini mpaka watu wakaenda kunywa chai, hapa zilifunguka mara moja. Kasoro zake zilikuwa ndogondogo. Ilikuwa na joto kabla ya kuwashwa. Feni yake haikuvuma. Ilivuta, ikatulia, ikatoa. Kwenye matundu ya ubavuni kulitoka harufu ya maziwa yaliyochacha, hafifu, kama ile inayokaa begani kwa mwanamke anayenyonyesha. Na hiyo betri: ikiwa mezani ilishuka kama betri zote, ikipakatwa ilipanda. Jioni Mama Kijacho akamwandikia bosi kwamba mpaka sasa inafaa. Harufu hakuiandika. Uchovu uliomwangusha kitandani kila alipoifunga, nao hakuuandika, maana ni mjamzito gani asiyechoka?

Siku aliyojaribu maikrofoni, nyumba ilikuwa kimya. Mume wake, mwalimu wa shule ya jirani, alikuwa darasani. Mama mkwe alikuwa chumbani kwake amejipumzisha baada ya chakula cha mchana. Mama Kijacho akabonyeza kitufe cha kurekodi, akasafisha koo, akasema kwa ile sauti yake ya ofisini, "Habari za mchana. Hapa ni ofisi ya wapima ardhi. Tukusaidie nini?" Akasimamisha, akairudisha nyuma, akainama upande kuokota kalamu iliyomponyoka huku akijisikiliza. Sauti yake ilitoka safi, haina mikwaruzo. Kisha sauti nyingine, ndogo, ya adabu, ikasema:

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu, hujambo?" akajibu hukohuko chini, vidole vikitafuta kalamu.

"Sijambo."

Watoto wa jirani walikuwa na kawaida ya kuja dirishani kuomba mpira wao ukiwaangukia uani. Akainuka ili amwambie mtoto azunguke nyuma. Dirisha lilikuwa limefungwa na pazia limeteremshwa. Kwenye kioo cha kompyuta, ule mstari wa sauti, uliopaswa kusimama pale maneno yake yalipoishia, bado ulikuwa unakwenda.

Hapa ndipo penye kosa, nalo ni kosa la watu waliolelewa. Aliyefunzwa adabu hangoji kuuona uso. Shikamoo ikimfikia sikioni, marahaba inamtoka yenyewe kama chafya. Wazee husema neno lile maana yake ni kushika miguu ya mkubwa, na mwenye kuitikia marahaba ameikubali hiyo mikono. Siku hizi hakuna anayeshika mguu wa mtu. Limebaki neno la kupitia njiani, mtu anakuamkia huku anatazama simu yake. Lakini wako wasiojua kwamba ni neno tu.

Chini ya kiti, kitu baridi kikamshika miguu yote miwili.

Hakupiga kelele. Mikono ile ilikuwa midogo, yenye unyevu. Haikuvuta wala haikuminya. Ilishika tu, kama mtoto anayejifunza kusimama anavyomshika mama yake jikoni. Alipothubutu kutazama, aliona zulia na ndara zake. Na bado hakumwambia mtu. Akimwambia mume, kompyuta itarudishwa na kiti chake kitakaliwa. Akimwambia mama mkwe, nyumba itajaa waganga kabla jua halijatua. Akajiambia kwamba mjamzito husikia mengi. Kesho yake akaifungua tena, ila safari hii aliiweka mezani, naye akaketi mbali nayo kadiri mikono ilivyofika.

Betri ikaanza kushuka, na feni ikaanza kwenda mbio, kidogo kidogo, ikatoka kwenye kupumua ikawa kukoroma, ikatoka kwenye kukoroma ikawa kilio, kilio chembamba cha mtoto aliyeachwa kitandani naye anasikia kwamba mama yake yuko chumba cha pili na haji, na ndani ya kilio hicho, kutoka kwenye spika ambazo alikuwa amezizima kwa mkono wake mwenyewe, ile sauti ya adabu ikasema, "Mama. Nipakate." Akaipakata. Aliipakata ili inyamaze, nayo ikanyamaza, betri ikaanza kupanda, joto lake likapenya gauni likaingia tumboni, na akiwa amekaa vile, macho yanamlegea na harufu ya maziwa imemjaa puani, akakumbuka kwamba tangu asubuhi mtoto wake hajacheza.

Akaitupa kochini. Akalibonyeza tumbo ubavuni, akanywa maji baridi, akalala upande mmoja kisha mwingine, akaliita tumbo kwa majina yote aliyokuwa ameyaweka akiba. Tumbo lilikuwa kimya. Hapo ndipo alipopiga ukelele uliomtoa mama mkwe chumbani bila kitambaa kichwani.

Zahanatini, mkunga alitafuta sana kabla ya kupata mapigo ya moyo.

"Yupo," akasema hatimaye. "Ila amechoka. Sijui kachoshwa na nini, mtoto aliye tumboni habebi mizigo. Mama, kesho asipocheza mleteni, na msichelewe."

Aliyaelekeza maneno hayo kwa mama mkwe, kwa sababu Mama Kijacho alikuwa ameugeukia ukuta analia.

Waliporudi, mama mkwe akampandisha kitandani, akachukua mafuta, akaanza kumkanda miguu iliyovimba. Alikanda mguu mmoja, akausogeza karibu na taa. Akauchukua na wa pili. Juu ya kila kifundo palikuwa na alama zilizodidimia, za vidole, na kila kidole kilikuwa chembamba kama kijiti cha kiberiti.

"Nani kakushika hapa?" akauliza kwa kunong'ona.

Mama Kijacho akauvuta mguu.

"Mwanangu, nakuuliza. Ulimwona?"

"Sikumwona, mama. Alinisalimia."

"Ukamwitikia."

"Nilidhani ni mtoto wa jirani. Nikamwitikia. Nikamwita mwanangu."

Mama mkwe akafumba macho, mafuta yanamtiririka vidoleni. "Umelelewa vizuri," akasema. "Ndio ubaya wake."

Mwalimu hakuamini majini, lakini alimwamini mama yake. Akaifunga kompyuta ndani ya mfuko, akaipeleka kwa fundi. Fundi hakuuliza ina kasoro gani. Aliipokea na kuiweka kwenye rafu ya chini kabisa, mahali palipokuwa wazi kama pamewekewa nafasi.

"Wengine walioirudisha walisemaje?" mwalimu akauliza.

"Walisema betri yake ni nzuri mno," fundi akajibu, akainamia kazi yake na hakuinua uso tena.

Mwalimu aliporudi mikono mitupu, nyumba nzima ilishusha pumzi. Mama Kijacho akatoka chumbani, akaketi, akanyoosha miguu juu ya kigoda, akasema asante. Hata hilo asante halikufika mwisho, maana mapaja yalikuwa yameelemewa, hakuna kitu juu yake, gauni tupu lenye maua, lakini kitambaa kilibonyea taratibu kama godoro linavyobonyea mtu akipanda, uzito ukajiweka sawa, ukageuka, ukatafuta mahali pazuri, ukaegemea tumbo, na kutoka hewani, palepale kifuani pake, feni ikavuta, ikatulia, ikatoa. Akaruka juu. Uzito ukatoweka. Akaketi tena kwa kujaribu, nao ukarudi, sasa ukiwa umeng'ang'ania.

Mapaja huwa mapaja mtu akiketi. Akisimama hayapo tena. Kwa hiyo alisimama. Mwanamke aliyeambiwa na daktari apumzishe miguu alishinda amesimama, akala amesimama, akaegemea ukuta wa jikoni akisinzia, na kila goti lilipomlegea akastuka na kulishika tumbo. Ndani ya tumbo, kimya. Mume wake alimshika mkono, akawa anamsimulia habari za wanafunzi wake watundu huku machozi yanamlengalenga.

Mama mkwe hakukaa akangoja. Aliondoka, akarudi na mtabibu wa majini, mtu mnene mwenye pumzi fupi, ambaye alifukiza mpaka akakohoa yeye kabla ya jini. Akazunguka vyumba vyote. Akatega sikio karibu na mapaja ya Mama Kijacho, aliyeketishwa kwa nguvu kwa muda mfupi tu, kisha akaanza kukusanya vitu vyake.

"Simwezi," akasema. "Angekuwa amevamia, ningemtoa. Huyu aliamkia, akaitikiwa, akaitwa mwana. Sasa ni mtoto wa nyumba. Mtoto wa nyumba hafukuzwi na mgeni, anaamrishwa na mkubwa wa nyumba."

"Mkubwa wa nyumba hii ni mimi," mwalimu akasema.

Mtabibu hakumtazama. Alikuwa anamtazama mama mkwe.

"Na akishaamrishwa," mama mkwe akauliza, "anakwenda wapi?"

"Haendi mbali, mama. Anamfuata aliyemwamrisha."

Mama mkwe akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyetajiwa njia ya kwenda mahali anakokujua.

"Ukitoka, urudishie mlango," akamwambia.

Jua lilikuwa linazama. Aliburuta kiti chake cha kuegemea, akakiweka mbele ya kiti cha Mama Kijacho, magoti yao yakitazamana. Mwanawe alianza kusema neno, akamnyamazisha kwa jicho.

"Keti, mwanangu."

"Mama, nikiketi atamuua."

"Keti. Nataka aje."

Akaketi huku ameuma meno. Uzito ukaja mara moja, kwa pupa, na gauni likabonyea, na ile harufu ya maziwa yaliyochacha ikatanda chumbani, nzito sasa, ya kukaba, na feni isiyokuwapo ikaanza kuvuta na kutoa katikati yao, na taa ikawa kama imesogezwa mbali ingawa hakuna aliyeigusa, na Mama Kijacho akahisi kitu kama kichwa kikijipenyeza chini ya matiti yake, kikitafuta, kikisukuma tumbo pembeni ili kipate nafasi zaidi, naye hakuweza kuinuka tena, maana mikono midogo baridi ilikuwa imeishika miguu yake na sasa ilikuwa inaminya.

"Wewe!" mama mkwe akaita.

Ilikuwa ile sauti ambayo mwanawe aliijua tangu utotoni, na mwanawe, mtu mzima mwenye ndevu, akajikuta amesimama wima.

"Wewe mtoto, wewe. Nani kakulea? Umeingia nyumba ya watu, umempita mkubwa amelala chumbani, ukaenda kumwamkia mdogo? Ndivyo mnavyosalimia huko kwenu? Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu wako leo ni mimi."

Feni ikasita.

"Shuka hapo. Njoo uamkie wakubwa."

Kisha kitambaa juu ya mapaja ya Mama Kijacho kikainuka, taratibu, kwa shingo upande. Vidole vikaachia miguu yake kimoja kimoja. Kwenye zulia, katikati ya viti viwili, nyuzi zikalala kama zimekanyagwa na nyayo ndogo. Na kutoka hapo chini sauti ikasema, nayo haikuwa ya adabu tena, ilikuwa ya mtoto aliyeonewa:

"Shikamoo, bibi."

Mama mkwe akalitazama tumbo la mke wa mwanawe. Alilitazama kwa muda mrefu, uso mzima ukimtetemeka. Aliogopa, na mtu yeyote aliyekuwamo chumbani angeona kwamba anaogopa. Jibu lilikuwa bado mdomoni mwake, angeweza kulimeza.

"Marahaba," akasema. "Mama yako ana kazi, hana nafasi. Njoo kwa bibi. Njoo nikupakate."

Kiti chake kikalia chini ya uzito. Pindo la khanga yake likabonyea. Na wakati uleule, ndani ya tumbo la Mama Kijacho, mtoto akapiga teke, teke la nguvu, la hasira, halafu la pili, akageuka mzima mzima kama mtu anayejinyoosha baada ya kubanwa garini.

"Anacheza!" akapiga kelele, anacheka na kulia. "Mama, anacheza! Weka mkono hapa, mama!"

"Tumshukuru Mungu," mama mkwe akasema, bila kuinua macho kutoka magotini mwake.

Bosi alipoulizia ile kompyuta, alijibiwa kwa neno moja kwamba haifai. Labda aliona kitu kwenye neno hilo, au labda hakupata mtu wa kukalia kiti, maana alituma ujumbe kwamba kazi itamngoja. Mama Kijacho alipumzika, miguu juu ya kigoda, na vifundo vyake vikarudi kuwa vifundo.

Mama mkwe ndiye aliyebadilika. Aliacha kugombana juu ya chumvi. Alishinda kitini, hakutaka kusaidiwa kuinuka, na alipoinuka alikuwa na haraka ya kurudi kuketi, kama mtu aliyeacha chungu motoni. Alikonda mashavu. Usiku mwalimu alimsikia akiimba kwa sauti ya chini wimbo aliokuwa akimwimbia yeye alipokuwa mdogo, na hakuthubutu kugonga mlango. Kila walipomwuliza hali, alisema hajambo. Kila walipomwambia mtabibu aitwe tena, alisema watu wazima hawarudishi neno.

Mtoto alizaliwa wa kike, mzima, mwenye kilio cha kuamsha mtaa. Walimleta nyumbani asubuhi, amefungwa katika shali jeupe, na aliyekuwa Mama Kijacho hakukaa hata kidogo wala hakunywa maji; alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye kile kiti, akapiga magoti mbele yake.

"Mama, mpakate mjukuu wako."

Mama mkwe akainama. Akaunusa utosi wa mtoto, akafumba macho, machozi yakamshuka, akayaacha yashuke. Mikono yake ikatoka, ikafika karibu kabisa na lile shali, kisha ikarudi magotini.

"Mlaze pale kitandani, nimtazame."

"Mama, umemngoja miaka yote hii."

"Nimemngoja," mama mkwe akasema kwa kunong'ona. "Lakini hapa pana mtu, mwanangu. Na ndio kwanza amelala."